Kunyonya mafuta kwa mawimbi ya sauti: inapofaa, na unapolipia jina tu

Mtu mwenye mafuta magumu mgongoni, mwanamume ambaye matiti yamejaa, au yule ambaye tumbo lake liliwahi kunyonywa likabaki na mabonge: hawa watatu ndio wanaopata thamani kamili ya pesa yao katika upasuaji wa kunyonya mafuta kwa msaada wa altrasaundi. Kwa mafuta laini ya ndani ya paja, au ya tumbo ambalo halijawahi kuguswa, daktari mwenye mkono mzuri na kanula ya kawaida (bomba jembamba la kunyonyea) atafika pale pale, na ile nyongeza kwenye bili itakuwa imelipia jina la mashine.

Mashine tunayoitathmini ni VASER, iliyo maarufu zaidi katika kundi lake. Jina linafanana na leza, na wengi huamini ni mwanga unaoyeyusha mafuta. Si mwanga, wala haiyeyushi. Ni fimbo nyembamba ya titani, madaktari huiita probu, ambayo ncha yake hutetema mara 36,000 kwa sekunde ndani ya mafuta yaliyoloweshwa maji. Mtetemo huo huamsha vipovu vidogo vya gesi vilivyomo kwenye yale maji. Vipovu huvimba na kupasuka, na seli za mafuta, ambazo zimeshikana kwa ulegevu, hupukutika kama punje kwenye gunzi. Mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na nyuzi zinazoishikilia ngozi zimefumwa kwa nguvu zaidi, hivyo nyingi hubaki salama. Mafuta yakishakuwa uji, hunyonywa kwa kanula kama ilivyo katika upasuaji wa kawaida.

Zile mashine za saluni zinazopitishwa juu ya ngozi kwa jeli na kutangazwa kama "kavitesheni" ni kitu kingine kabisa. Hazichani ngozi, hazinyonyi chochote, na mabadiliko yake ni madogo hata baada ya vikao vingi. Anayekuuzia vikao hivyo kwa picha za watu waliofanyiwa upasuaji anakudanganya, na ni vizuri kumwambia hivyo usoni.

Wazo la kutumia mawimbi ya sauti ndani ya mafuta lilisukumwa na daktari Mwitalia Michele Zocchi, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashine za mwanzo zilikuwa na probu nene na nguvu inayotoka mfululizo, na katika miaka ya 1990 zikajijengea sifa mbaya ya kuunguza ngozi na kuacha mifuko ya majimaji chini yake. VASER ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na marekebisho mawili ya maana. Kwanza, probu zilipunguzwa unene, zinazotumika sana zikiwa za milimita 2.9 na 3.7, na zikachongwa mifereji ya mduara karibu na ncha ili sehemu ya nguvu itokee pembeni badala ya kumalizikia yote mbele. Pili, mashine inaweza kutoa nishati kwa mapigo, ikiwaka na kuzima haraka haraka, na hilo hupunguza joto linalobaki kwenye tishu.

Idadi ya hiyo mifereji si pambo. Probu ya mfereji mmoja hupeleka nguvu mbele zaidi, na ndiyo inayopenya mafuta yenye nyuzi nyingi kama ya mgongo na kifua cha wanaume. Ya mifereji mitatu hutawanya nguvu pembeni, ikafaa mafuta laini. Daktari anayetumia probu moja kwa mwili mzima, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopo kwenye trei, ameshatupa nusu ya faida ya mashine. Muulize ana ngapi.

Lakini kazi inayoamua matokeo hufanyika kabla mashine haijawashwa. Ni maji. Mchanganyiko wenyewe unatokana na kazi ya Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, katika miaka ya 1980: kwa kila lita 1 ya maji ya chumvi ya dripu huwekwa lidokaini miligramu 500 hadi 1,000, adrenalini isiyozidi miligramu 1, na baikaboneti kidogo ili dawa isichome inapoingia. Lidokaini ni ganzi. Adrenalini hubana mishipa ili damu isitoke ovyo. Maji yenyewe, katika huduma hii, ndiyo barabara ya mawimbi: mahali pakavu hapana vipovu, pana joto tu. Kwa hiyo kiasi kinachoingizwa kisipungue mafuta yanayotarajiwa kutoka, na kwa altrasaundi ni bora kizidi. Maji yapashwe moto hadi karibu na joto la mwili, maana lita kadhaa za maji baridi chini ya ngozi humfanya mtu atetemeke mezani, na mwili uliopoa hutoa damu zaidi.

Baada ya maji kuingia, kinachofuata ni kusubiri, na hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu. Dakika 10 zinaweza kutosha, 15 hadi 20 ni nzuri zaidi. Eneo huwa gumu kwa kuguswa na ngozi hupauka kwa mabaka. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo saa ya ukutani ni shahidi bora kuliko jicho. Ukiona kliniki inapanga wateja sita mbele ya daktari mmoja kwa siku moja, zile dakika za kusubiri ndizo za kwanza kukatwa.

Kuna hesabu moja ambayo kila mteja anaweza kuifanya mwenyewe. Kikomo cha lidokaini ambacho Klein alikitetea kwa mchanganyiko huu ni miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito, na wengine wamefika 55. Mtu wa kilo 60, kwa kikomo cha 35, anaruhusiwa miligramu 2,100. Kama kila lita ina miligramu 500, hizo ni lita 4.2. Kama ina 1,000, ni lita 2.1 tu. Sasa fikiria mtu anayetaka tumbo, mbavu zote mbili, mgongo na mikono kwa siku moja, tena akiwa macho kwa ganzi peke yake. Hesabu haitoki. Daktari makini atagawa kazi mara mbili, au atapunguza lidokaini na kumpa mteja nusukaputi pamoja na mtaalamu wa usingizi wa kumsimamia. Asiye makini atasema "usijali". Na hatari yake huja kwa kuchelewa: lidokaini hufika kileleni kwenye damu saa 8 hadi 16 baada ya kuingizwa, wakati mteja yuko kwake amelala. Dalili huanza kwa ganzi kuzunguka midomo, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu. Zikipuuzwa, kinachofuata ni degedege na moyo kuvurugika. Hospitali inayofanya kazi hii lazima iwe na emalsheni ya mafuta ya asilimia 20 (dripu nyeupe ya mafuta yaliyochanganywa na maji) ya kuingiza kwenye mshipa, ambayo ndiyo tiba yake. Waulize kama wanayo, na kama nesi wa zamu anajua ilipo.

Probu inaingilia kwenye tundu la milimita chache. Kwa kuwa fimbo yenyewe hupata joto ikisuguana na ukingo wa ngozi, huwekwa kikinga cha plastiki kwenye tundu, na taulo lililoloweshwa hulazwa kando ili fimbo isiguse ngozi ya nje. Vitu viwili vya bei ndogo sana. Ukiangalia picha za wateja wa daktari fulani ukakuta matundu yao yamezungukwa na duara jeusi lililokakamaa, hapo kikinga kiliachwa, au kilikuwepo na fimbo ikapindwa kwa nguvu hadi ikaegemea ukingo.

Ndani, probu haisimami hata nukta moja. Hupelekwa mbele na kurudi taratibu, kwa mstari ulionyooka, bila kulazimishwa. Mawimbi ndiyo yanayofungua njia, mkono unasindikiza tu. Kipimo cha kuanzia ni takriban dakika 1 kwa kila mililita 100 za maji yaliyoingizwa. Ubavu uliopewa mililita 600 utachukua kama dakika 6. Hicho ni kipimo cha kuanzia, maana ishara ya kweli iko mkononi: mwanzoni fimbo inakutana na ukinzani, kisha ukinzani unapotea na fimbo inateleza kama iko ndani ya uji. Ikifika hapo, acha. Kila sekunde inayoongezwa baada ya hapo haitoi mafuta zaidi, inapika tu kilichobaki.

Kunyonya hufuata, kwa kanula za milimita 3 hadi 4 hivi, kwa nguvu ndogo ya mashine kwa kuwa mafuta yameshalegea. Chupa ya kukusanyia ndiyo sehemu inayosema kweli kuliko zote. Ikitulizwa kwa muda, vilivyomo hujitenga: juu mafuta ya manjano yaliyopauka, yamelainika kama losheni nzito, na chini maji ya rangi ya waridi. Kazi ikifanyika vizuri, tabaka la chini huwa na wekundu mwepesi. Likiwa jekundu kama damu ya kukatwa kisu, adrenalini haikupewa muda, au kanula inachimba mahali isipopaswa. Na mtu akikuambia amekutoa "lita nne za mafuta", uliza ngapi zilikuwa juu na ngapi chini, maana anahesabu pamoja na maji aliyoyaingiza mwenyewe. Chama cha madaktari wa upasuaji wa plastiki cha Marekani huchukulia jumla ya lita 5 kuwa mpaka: ikizidi hapo, ni upasuaji mkubwa, na mteja alale hospitalini akiangaliwa usiku kucha.

Kuhusu ahadi za matangazo, ile ya damu kidogo ina ukweli. Ile ya ngozi kukaza ina ukweli nusu. Utafiti wa mwaka 2012 wa Nagy na Vanek, ambapo kila mteja alifanyiwa upande mmoja kwa VASER na mwingine kwa njia ya kawaida, ulionyesha ngozi ilijikaza vizuri zaidi upande wa VASER na damu iliyopotea ilikuwa pungufu. Ni habari njema, ila wateja walikuwa wachache, na ngozi iliyopimwa ilikuwa bado na mnyumbuko wake. Ngozi iliyochanika michirizi baada ya mimba kadhaa, au iliyobaki ikining'inia baada ya kupungua kilo 40, hakuna mawimbi ya sauti yatakayoikaza. Inahitaji kukatwa. Kunyonya mafuta chini ya ngozi ya namna hiyo ni kutoa godoro ukaacha foronya.

Ahadi ya "kupungua uzito" ni ya uongo moja kwa moja. Lita moja ya mafuta haifiki hata kilo moja. Mwaka 2004 Samuel Klein (si yule wa lidokaini) na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene waliotolewa takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi: wiki 10 hadi 12 baadaye, shinikizo la damu, mafuta ya kwenye damu na mwitikio wa mwili kwa insulini havikuwa vimebadilika. Mafuta yanayoleta kisukari yanakaa ndani, yakizunguka utumbo na ini, ambako kanula haifiki na haipaswi kufika. Kipimo chake ni rahisi: simama, bana tumbo kwa vidole. Unachokishika kinaweza kunyonywa. Kama tumbo limejaa na vidole havishiki kitu, kitambi hicho kiko nyuma ya msuli, na daktari anayekubali kukunyonya hapo anakuibia.

Yanayoharibika yana sababu zinazojulikana, na nyingi ni za mkono. Ngozi kuungua kutoka ndani hutokea ncha ya probu inapogonga ngozi kwa chini, hasa mahali mwili unapopinda, kama kiunoni, ambapo fimbo iliyonyooka inakutana na mteremko. Dawa yake ni kuongeza tundu jingine ili kila mstari uwe na njia yake, badala ya kupinda mkono ili kuepuka kovu moja dogo. Mifuko ya majimaji hutokana na kupitiliza muda wa mawimbi, kisha kufunga matundu yote kwa nyuzi na kutobana vya kutosha. Hutolewa kwa sindano, wakati mwingine mara tatu au nne, na ikiachwa hujijengea ukuta na kuwa donge la kudumu. Ganzi au mwasho kama wa moto juu ya ngozi ni kawaida kwa wiki kadhaa hadi miezi. Vilima na mabonde hutokana na kunyonya karibu mno na ngozi au kubaki mstari mmoja. Hapa mashine ina lawama yake: inarahisisha kutoa mafuta kiasi kwamba asiye na uzoefu hupitiliza bila kuhisi. Zile tumbo za "six pack" zinazochongwa kwa mtindo ulioenezwa na daktari Alfredo Hoyos wa Bogotá, Kolombia, hufanyika juu juu kabisa chini ya ngozi, na ndizo zenye nafasi finyu zaidi ya kukosea. Tena mwili ukinenepa baadaye, michongo haikui sawa na mwenye nayo.

Yanayoua ni machache, ila yapo: damu iliyoganda mguuni ikapanda hadi mapafuni, mafuta yaliyoingia kwenye mishipa, utumbo uliotobolewa, sumu ya ganzi. Utumbo hutobolewa hasa kwa mtu mwenye ngiri ambayo haikugunduliwa, ya kitovu au ya kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Kila tumbo lenye kovu lipigwe picha kwanza. Kwa wanaotaka mafuta yao yahamishiwe kwenye makalio, mafuta ya VASER hubaki hai vya kutosha, ila yaingizwe chini ya ngozi tu na kamwe yasifike kwenye msuli, maana mishipa mikubwa ya huko ndiyo iliyobeba mafuta hadi mapafuni kwa waliofariki.

Siku mbili za kwanza matundu huvuja maji yenye rangi ya damu, mengi kuliko wengi wanavyotarajia. Yanaruhusiwa kutoka, ndiyo maana matundu mengine huachwa wazi makusudi. Tandika pedi nene na plastiki kitandani. Tembea siku ile ile, hata kama ni hadi chooni na kurudi, na kila saa chezesha vifundo vya miguu. Nguo ya kubana huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 3 hadi 4, kisha nusu siku hadi wiki ya 6. Iwe imebana bila kukunjika: mkunjo mmoja kiunoni, ukilaliwa siku kumi, huacha mstari usiofutika kwenye ngozi. Sponji bapa chini ya nguo husaidia kusambaza mbano. Uvimbe huzidi siku ya 3, hupungua sana kufikia wiki ya 6, na umbo la kweli huonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Matundu yasipigwe jua hadi weusi utulie. Kukosa pumzi, kuchanganyikiwa, mguu mmoja kuvimba, homa kali au maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua: hayo ni ya kwenda hospitali usiku huo huo, si ya kumtumia daktari ujumbe na kusubiri ajibu.

Mvutaji sigara aache wiki 4 kabla. Anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda asiache kwa uamuzi wake mwenyewe, amwambie daktari aliyemwandikia. Mwenye historia ya keloidi (makovu yanayovimba na kukua) ahesabu matundu kabla ya kukubali, kwa sababu huduma hii huhitaji 4 hadi 8.

Ikilinganishwa na kanula zinazotikisika kwa mota, VASER ni ya polepole na haina tofauti kubwa kwenye mafuta laini. Ikilinganishwa na leza, ina hatari ndogo ya joto na hufanya maeneo makubwa vizuri zaidi. Kwa kidevu, zote zinatosha na mkono wa daktari ndio unaotofautisha.

Ukitoka na mabonge au upande mmoja mnene kuliko mwingine, usikubali kurudishwa mezani wiki ya 8. Ugumu wa wakati huo kwa sehemu kubwa ni uvimbe na kovu changa, na masaji ya limfu (ya taratibu, ya kusukuma majimaji ya uvimbe) pamoja na muda hulainisha mengi. Subiri miezi 6 kamili. Bonge litakalobaki baada ya hapo ni kovu halisi lililofungia mafuta ndani, ambalo kanula ya kawaida huteleza juu yake bila kulichana, na hilo ndilo la kupelekewa probu ya mfereji mmoja, kwa maji mengi na dakika chache.